Mguu Nilioshindwa Kuushika

Wanangu, mkisikia mtu amestaafu kazi ya Dubai, mnadhani alikuwa anapanga matofali juu ya ghorofa au analea watoto wa madam. Mimi nilikuwa navalisha watu viatu. Chekeni, halafu mkimaliza mnisikilize, maana kila mwezi ananijia kijana hapa Lushoto na pasipoti mpya mfukoni, ananiuliza kazi za huko zikoje. Nimechoka kurudia hadithi ileile kwa mdomo, nimeona niiandike.

Huko kuna mlima wa theluji ndani ya jumba la maduka. Nje jua linawaka mpaka ukigusa kitasa cha gari unaachia, ndani watu wamevaa makoti na glavu, wanashuka mteremko mweupe kwa mbao mbili ndefu walizofungwa miguuni. Theluji yenyewe wanaitengeneza kwa mashine usiku, wakati wateja wameondoka. Watu walikuja kutoka kila pembe ya dunia kuteleza pale, na kila aliyekuja alipita kwanza kwenye benchi letu. Huwezi kupanda mlima kwa kandambili.

Siku yangu ya kwanza niliingia kwa majigambo. Mimi ni mtu wa Lushoto, nikawaambia wenzangu, baridi nimezaliwa nayo. Nikavaa soksi jozi tatu, moja juu ya nyingine, ile ya juu ya sufi niliyofuma mwenyewe. Kabla ya chakula cha mchana vidole vya miguu sivisikii tena. Aliyeniokoa ni Prakash, mzee wa Kinepali aliyekuwa fundi mkuu wa viatu, mtu mfupi mwenye ndita za jua usoni, aliyewahi kubeba mizigo ya wapanda milima kwao. Alinikalisha, akanivua jozi mbili akazitupa kwenye kikapu.

"Mama," akaniambia, "mguu unataka nafasi, hautaki blanketi."

Hilo ndilo somo la kwanza, na linafaa hata kwa asiyepata kuiona theluji maisha yake yote. Sisi watu wa nchi za joto tukiogopa baridi tunarundika. Mguu ukibanwa, damu haipiti, na damu isipopita hakuna soksi itakayokusaidia. Soksi moja, nyembamba, ndefu, isiyo na mkunjo. Nimewaambia hivyo wateja mpaka sauti imekauka, na bado walikuwa wanaficha jozi ya pili chini ya suruali kama wanaingiza magendo.

Kile kiatu chenyewe ni kigumu kuliko ndoo. Plastiki tupu, kinapanda mpaka katikati ya goti na kifundo, na kina vifungo vya chuma mbele. Unakipanua kwa mikono miwili, mteja anasukuma mguu, kisha unamwambia apige kisigino chini ili mguu urudi nyuma kabisa. Ndipo unafunga. Vifungo vya chini unavilegeza kidogo, vya juu kwenye muundi unavikaza. Akisimama wima vidole viguse mbele, akikunja magoti viachane na ukuta wa kiatu. Mwisho unapitisha kidole kati ya muundi na kiatu kuhakikisha hakuna kitu kimejikunja humo ndani. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mkunjo mdogo wa soksi humo ndani ni mwiba. Prakash alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: mteja haondoki kwenye benchi lako mpaka mkono wako mwenyewe umepita.

Tulipoanza, tulikuwa tunawauliza watu uzito wao kwa mdomo, kwa sababu zile mbao zinafungwa kulingana na uzito na umri, ili ukianguka ziachie mguu usivunjike. Lo! Nani atamwuliza mama mtu mzima uzito wake mbele ya mume na wakwe? Wote walikuwa wepesi kama kuku. Nilimwona mama mmoja wa Kihindi anataja kilo ambazo mkoba wake peke yake ulikuwa unazifikia. Baadaye walileta mizani, uongo ukaisha, ila na maneno ya kuchekesha nayo yakapungua.

Wanawake wa kule tulikuwa tunawakunjia abaya vizuri ndani ya suruali ya theluji, tena kwa kujificha nyuma ya pazia. Wazee wa Kiarabu wengine walikataa kuvua kanzu, wakavaa koti la bluu juu yake, wakapendeza tu. Nilimvalisha bibi mmoja wa Kiarabu aliyekuja na wajukuu. Nilipomaliza kumfungia, akaniwekea kiganja kichwani juu ya kofia yangu ya sufi, akaniombea dua ndefu. Sikuelewa neno, lakini nilitoka pale nimejaa furaha.

Maana kazi ile, wanangu, ni kazi ya kupiga magoti. Unapiga magoti asubuhi, unainuka jioni. Wiki za kwanza nililia chooni. Mimi nilikuwa mama wa watu, mwimbaji wa kwaya, mjane niliyemlea mtoto peke yangu, sasa nimeinama mbele ya vijana wanaotafuna bablishi. Kisha nikazoea, na baada ya kuzoea nikagundua kwamba chini pale unawaona watu vizuri. Kuna anayekunyooshea mguu kama anaingiza kwenye beseni. Kuna anayeomba radhi kwa harufu hata kama hanuki. Bwana mmoja aliongea na simu muda wote huku kiwiko chake amekiegemeza begani kwangu. Huyo nilimkazia kifungo cha juu sawasawa na kanuni, wala sikumpunguzia hata tundu moja.

Sasa niwaeleze la binti yangu, maana ndilo nililokaa kuandika.

Neema alinifuata Dubai alipomaliza chuo, akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Al Mankhool. Nilijiona nimebarikiwa, mama na mtoto mji mmoja ugenini. Kila nikipata nafasi jioni nilikwenda kwake tukapika ugali na samaki, tukasengenya mameneja wetu. Siku moja akaniambia amempata mtu. Nikauliza wa wapi. Akasema Bungoma, Kenya, anaitwa Wafula, ni msimamizi wa ghala la vipuri vya magari kule Ras Al Khor.

Wanangu, nilikataa kabla samaki hajaiva. Nilikuwa nimefanya kazi na Wakenya miaka mingi na nilikuwa na kesi yangu tayari. Mkenya haombi, anaagiza. Mtanzania anasema "naomba chumvi, samahani, kama hutojali." Mkenya anasema "leta chumvi." Nikamwambia Neema, mimi simtoi mwanangu wa pekee kwa watu wa leta. Akanionyesha picha kwenye simu, kijana mrefu, mweusi, ana pengo dogo kati ya meno ya mbele. Nikatazama, nikarudisha simu. Akataka kumtumia yeye picha yangu, nikamkataza. Akataka kumleta anisalimie, nikasema sina nafasi.

Watu wa Wafula walikuwa tayari kusafiri kuja Lushoto kuposa. Kaka yangu, ambaye ndiye mjomba wa Neema, akanipigia simu akasema, "Dada, baba wa mtoto hayupo. Neno lako ndilo la mwisho. Kama niwakaribishe, niambie. Kama niwarudishe, niambie pia." Nikamwambia asubiri. Na Neema aliniambia kwa upole ulioniumiza kuliko makelele: "Mama, ukikataa sitakuvunjia heshima, nitamwacha. Ila usiniulize tena habari za kuolewa." Kuanzia hapo akawa anakonda. Nikienda kwake anasema amechoka. Nilijua nampoteza, na kiburi changu kikawa kinanizuia kunyoosha mkono. Nilikuwa na hofu pia, sitawaficha. Mtoto akishaolewa Bungoma, ataniona lini?

Tulikuwa hatusemezani vizuri, ndiyo maana Neema hakujua kwamba Jumanne ile niko kazini. Jumanne ilikuwa siku yangu ya kupumzika, miaka yote. Ila mwenzangu mmoja Mfilipino aliumwa jino, tukabadilishana.

Asubuhi kikaingia kikundi cha wafanyakazi, wameletwa na kampuni yao kutembea kwa kuwa ghala lao lilikuwa linapakwa rangi. Wahindi, Wapakistani, Waganda, Wakenya, kelele tele. Mmoja akaja akakaa kwenye benchi langu, na mwenzake kwenye benchi la jirani. Nikainua macho nimwulize namba ya kiatu. Nikaliona lile pengo kwenye meno.

Ni Wafula wa kwenye picha. Yeye hakunijua. Sisi wafanyakazi sote tulivaa koti la bluu la aina moja na kofia ya sufi mpaka kwenye nyusi, na beji yangu iliandikwa Esta tu. Nikasema moyoni, Mungu ameniletea mtihani wa bure, wacha niusahihishe. Nikamwuliza namba kwa Kiingereza, kikavu kabisa.

"Mathe, wewe ni wa home?" akaniuliza, yaani mama, unatoka kwetu Afrika Mashariki?

Nikajifanya sijasikia.

"Huyu ni wa Ghana," akamwambia mwenzake, na kuanzia hapo wakaongea Kiswahili chao juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni meza.

"Na ukimpata hapa leo, ule mathe wa Neema?" mwenzake akamtania.

"Wacha! Neema alisema Tuesday huwa off. Ningejua ako, ningebaki Ras Al Khor nipange bampa."

"Si ulisema ni mkali?"

"Si ukali, buda. Anaona sisi Wakenya hatuna adabu." Akainama kufungua kamba za viatu vyake. "Na si ni mtoi wake mmoja tu ako naye? Hata mimi ningekataa. Ningemchunguza mtu miaka."

Nikainama haraka kutafuta kiatu chini ya kaunta ambacho nilikuwa nimekwisha kukishika. Nilitegemea kusikia kejeli, nimejiandaa kabisa kuikasirikia. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Nikarudi na viatu, nikapiga magoti mbele yake kama nilivyopiga mbele ya dunia nzima. Kabla goti halijatua, akavuta miguu yake chini ya benchi.

"No, no, mum. Please. Amka." Akasahau Kiingereza. "Usinipigie magoti, wewe ni rika ya mama yangu."

"It is my work, sir," nikasema.

Basi akafanya kitu ambacho sijakiona kabla wala baada yake. Akateremka kwenye benchi akakaa chini, kwenye zulia la mpira lililolowa maji ya theluji ya viatu vya watu, suruali yake safi, ili tuwe sawa. Wenzake wakapiga miluzi. Mwenzake akamwambia analoa. Akasema, "Wacha niloe."

Akaanza kujivalisha. Jamani! Kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Nikamwonyesha kwa kidole. Akafunga kifungo cha juu kabla ya cha chini, mguu ukakwama nusu, akawa anahema kama anasukuma gari. Anacheka mwenyewe, haoni aibu, na kila mara ananiambia "sorry, mum, nakuchelewesha." Foleni ilikuwa inarefuka na sikujali. Mwishowe miguu ikaingia, vifungo vikafunga, akapanda tena kwenye benchi akanitazama kwa ushindi.

Ikabaki sheria ya Prakash. Mkono wangu upite.

Nikaunyoosha. Ukafika karibu na muundi wake, ukasimama hapo. Nawaambia kweli, haukwenda. Nimeshika nyayo za mabwana na za watoto, za wagonjwa wa kisukari, za mcheza mpira mmoja maarufu ambaye simtaji, na sijawahi kusita. Lakini mimi nililelewa milimani, na mama yangu alinifundisha kwamba mama na mume wa binti yake hawagusani. Hampi mkono, hapiti naye mlango mmoja, hata kivuli chake anakikwepa. Nikajisemea, Esta, huyu ni mteja tu, hujamkubali, hakuna posa wala mahari, mshike mguu umalize kazi. Mkono ukakataa.

Nikaita, "Prakash! Njoo umalizie huyu."

Nilimwita kwa Kiswahili, maana yule mzee alikuwa ameokota Kiswahili cha jikoni kutoka kwetu na ndicho tulichozoea kutaniana nacho. Akaja, anashangaa.

"Mama, wewe hujawahi kuniachia mguu. Huyu ana nini? Mchafu?"

"Si mchafu," nikasema. "Mkwe."

Neno lilitoka lenyewe. Miezi yote ile kaka yangu alikuwa analingoja, Neema anakonda akilingoja, nami nikimwambia kila mtu kwamba bado natafakari.

Wafula aliinua kichwa. Akanitazama usoni, na nadhani hapo ndipo alipomwona Neema ndani ya uso wangu, maana tunafanana macho. Akatazama beji. Akatazama viatu miguuni kwake na akanitazama mimi niliyepiga magoti. Sijapata kuona mtu mweusi anapauka namna ile.

"Mungu wangu. Ni mama."

Akageuza uso ukutani, maana kwao Bungoma nako mkwe haangaliani na mama mkwe, akasimama, akakimbia. Na wanangu, kiatu kile hakikimbiwi. Alikwenda anagonga sakafu kama farasi, mikono imetanuka, akatafuta mlango wa karibu uliomtoa mbele ya macho yangu, na mlango wa karibu ulikuwa ule wa theluji. Ukafunguka, ukafunga. Akawa ametoweka humo ndani, hana mbao, hana glavu, kofia ameiacha kwenye benchi.

Mwenzake akainuka amfuate. Nikampa kofia ampelekee pamoja na glavu, nikamkumbusha kwa Kiswahili safi cha Tanga kwamba sisi wa Ghana tunajua lugha nyingi. Akaondoka kwa adabu kubwa, lakini akarudi na glavu na kofia mkononi. Alisema Wafula hataki kitu kilichotoka mkononi mwangu mpaka kwanza ameniomba radhi kupitia wazee.

Nikamtuma Prakash. Akachungulia, akarudi anajifuta machozi ya kicheko.

"Amesimama nyuma ya foleni ya vigari vya kutelezea vya watoto. Nimemwambia toka. Anasema hawezi kupita mbele ya mama. Nimemwambia shifti ya mama bado sana. Anasema atangoja."

Njia ya kutokea ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya benchi langu. Mimi kuondoka siwezi, foleni imefika mlangoni na msimamizi ananitolea macho. Nikawaza kujifunika uso kwa taulo. Nikawaza kuingia chini ya kaunta, mwanamke wa umri wangu. Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mteja wa Kirusi niliyekuwa namfungia vifungo akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kuliko nilivyokuwa mwaka mzima.

Kisha nikamwomba msimamizi ruhusa, nikachukua simu ya kaunta, nikapiga hotelini Al Mankhool. Akapokea Neema mwenyewe, kwa ile sauti yake ya mapokezi.

"Neema, unatoka saa ngapi?"

"Ndiyo nakabidhi zamu, mama. Kuna nini? Mbona uko kazini?"

"Panda metro uje huku upesi. Uje umchukue mumeo. Amesimama kwenye theluji, hana glavu wala kofia."

Nikasikia masanduku ya wageni yakiburutwa nyuma yake.

"Mama," akasema polepole, "umesema nije nimchukue nani?"

"Umenisikia. Fanya haraka, mwanangu. Mimi siwezi kumfuata, ni mkwe wangu."